Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi

Sisi huku Mabela wazima. Joto limeshavunjika, watu wanalala bila ya kiyoyozi, na kila Alhamisi jioni utayaona magari yanatoka kuelekea milimani.

Tangu niweke zile picha za Jebel Akhdar maswali yamekuwa mengi. Shangazi alinipigia simu kuuliza kama nimehamia Ulaya, maana ameniona na kofia ya sufu na koti, kwi kwi kwi! Wengine mmeuliza: siku tatu kwa miguu, begi lenyewe dogo kama la mtoto wa skuli, nguo zilikuwa wapi? Nilitaka kujibu kwa mistari miwili nikaona haitoshi. Suali la mtu avae nini na abebe nini anapokwenda mlimani ni la zamani sana kwetu, na watu wa pwani walilijibu kwa migongo yao kabla hatujazaliwa. Kwa hiyo leo vuteni viti, hii ni ndefu kidogo.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Mabela ni tambarare, karibu na usawa wa bahari. Ukishika njia ya Nizwa mpaka Birkat al-Mawz, halafu ukapanda, unafika uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 juu. Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, unakaribia mita 3,000. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua digrii sita hivi. Ndiyo maana usiku wa Januari sisi hapa tunajifunika shuka, na wenzetu wa Saiq usiku huo huo wanaweza kuamka maji ya kwenye ndoo yameganda. Mchana jua linachoma, magharibi upepo unakata masikio, na wingu likija mvua inashuka ghafla mabonde yakajaa maji. Yote hayo unaweza kuyapata katika safari moja.

Wenyeji wa huko juu dawa yao ya baridi tangu zamani ni sufu. Wanafuga mbuzi na kondoo, wanasokota nyuzi, wanafuma. Hata neno letu bushuti ni ndugu yake bisht, lile joho la Waarabu. Lakini sufu nzito ina ubaya wake: lazima mtu aibebe. Ukichukua nguo kidogo utateswa na baridi, ukichukua nyingi utateswa na mzigo.

Funzo hilo mlima huu umewahi kuwapa hata askari. Katika vita vya Jebel Akhdar, baina ya Sultan Said bin Taimur na wafuasi wa Imam Ghalib bin Ali, Waingereza waliokuja kumsaidia Sultan walileta kikosi chao cha SAS. Kikosi kiliupanda mlima usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 1959, kila mtu na begi zito mgongoni. Alfajiri ikakaribia na juu bado hawajafika. Kundi la mbele likayaacha mabegi njiani, likakimbilia juu na silaha tu. Siasa za vita vile siziingii, wajukuu wa pande zote mbili tunasali nao msikiti mmoja. Nataka mwone jambo moja tu: watu wale walikuwa na mazoezi na vifaa kuliko sisi sote, na bado mlima ndio uliowaamulia nini kiachwe.

Sasa twende kwetu.

Mwaka 1833, hapa hapa Muscat, Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, aliyekuja kwa niaba yao akiitwa Edmund Roberts. Meli za Salem, Massachusetts, zikazidi kumimina Zanzibar kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka: merikani. Merikani, pamoja na kaniki ya Uhindi, ilikuwa nguo na ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, kwa shuka na kwa doti, na doti moja ni yadi 4. Msafara ukitaka kulipa hongo, kununua mtama au kumlipa mpagazi, unakata kitambaa.

Kitambaa hicho chote kilitoka pwani kwenda Tabora na Ujiji juu ya mabega ya watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Basi fikirini: mtu amebeba nguo za kuvisha kijiji kizima, mwenyewe yuko nusu uchi.

Si maneno yangu. Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 pamoja na John Speke kulitafuta ziwa Tanganyika, aliandika hivyo. Burton alikuwa na kejeli nyingi juu ya watu wetu na mengine aliyoyaandika hayafai kusomwa mbele ya wazee, lakini macho alikuwa nayo. Aliona kwamba wapagazi walitembea nusu uchi au uchi kabisa ili wazihifadhi nguo zao, wazivae watakapofika kwao. Akaona na jambo jingine. Mpagazi alijitupia begani ngozi ya mbuzi au ya ndama, ndiyo koti lake. Mvua ikija hakujifunika nayo. Aliivua, akaikunja, akaiweka baina ya bega na mzigo.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka. Mvua inanyesha, mtu anavua koti! Baadaye, siku moja niko huko juu nimeroa chapachapa, nikakifahamu kile kitendo. Ngozi ya mwili ikiroa inakauka kwa dakika chache ukiendelea kutembea. Nguo ikiroa inashika maji, inakuwa nzito, na inakunyonya joto la mwili mpaka ikauke. Pamba ndiyo mbaya zaidi, na merikani ni pamba tupu. Mtu anayetembea na mzigo anatoa joto la kutosha, shida yake inakuja akisimama, jioni, anapotafuta kitu kikavu cha kujifunika. Isitoshe, ile ngozi iliyokunjwa ilimpunguzia bega kuchubuka. Kitu kimoja kazi tatu: koti, mto wa bega, na cha kujifunika usiku. Hakuna aliyemfundisha darasani.

Akili hiyo inafaa njia ya Unyamwezi, kwenye mvua ya joto. Mlimani, penye baridi ya barafu, haitoshi. Na historia ya milima yetu, tukiisoma kwa upande wa aliyebeba, ni historia ya watu wa nchi ya joto waliopandishwa kwenye baridi na nguo za pwani.

Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa akitokea Rabai, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Akamuuliza mwongozaji wake ni kitu gani kile. Yule bwana akamjibu kwa neno moja: baridi. Huko London wataalamu walibishana miaka kama kuna theluji kweli karibu na ikweta au hakuna. Mwongozaji hakuwa na haja ya ubishi huo. Kwa mtu anayefikiria atalala vipi huko juu, neno lake lilikuwa limetimia.

Mwaka 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, tarehe 6 Oktoba. Hiyo mmeisoma skuli. Sijui kama mlisomeshwa habari ya Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wapagazi wengine waliachwa kwenye kambi za chini, na chakula kikawa kinapandishwa kwa zamu kutoka Marangu. Mwini Amani alibaki juu, kwenye kambi iliyokuwa kiasi cha mita 4,300, akipika na kulinda hema kwa zaidi ya wiki mbili huku wale wawili wakipanda na kushuka. Mtu wa Pangani, ndugu zangu! Pangani ya minazi na mto! Bila ya yeye kuuvumilia ule usiku mmoja baada ya mwengine, hakuna wa kuwasubiri wale mabwana na chakula cha moto.

Miaka minne baadaye, 1893, mtaalamu wa miamba J. W. Gregory alitoka Mombasa na watu kama arubaini, wengi wao Wazanzibari, akaenda mpaka Mlima Kenya. Kiongozi wa wapagazi alikuwa Omari bin Hamadi. Walipita msitu wa mianzi uliojaa maji, wakapanda kwenye baridi, wakalala. Asubuhi wapagazi wakamwendea Gregory na habari kwamba vyungu vimerogwa, maji yamekuwa meupe na hayatikisiki. Kisa hiki hupendwa sana na wazungu wanaoandika vitabu vya kupanda milima, wanakisimulia kama kichekesho. Mimi siwezi kukicheka. Mtu ambaye maji ya chungu chake yamekuwa jiwe, na juu yake kuna kipande cha pamba tu, ana haki ya kusema hapa pamerogwa. Na katika watu hao hao alitoka Fundi Mabruk, akapanda na Gregory mpaka kwenye barafu yenyewe.

Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiuona begani kwa mwenzio unauona mwepesi kama pamba ya mto. Nafikiri hapo ndipo lilipo jambo lote hili la begi jepesi. Siku hizi maduka makubwa ya hapa Muscat yamejaa nguo nyepesi za mlimani, koti la mvua linakunjika likaingia kwenye kiganja. Lakini wepesi wa mmoja mara nyingi unatokana na uzito wa mwengine. Kilimanjaro mgeni anatembea na chupa ya maji na kamera, mpagazi ana mzigo wake. Kanuni za hifadhi zimeweka mwisho kilo 20 kwa mzigo wa mgeni, na zikifuatwa ni afadhali kuliko frasila mbili za zamani. Lakini kanuni ya uzito haimvishi mtu. Wapo vijana waliopoteza maisha kwenye mlima ule kwa baridi huku wamebeba mablanketi ya watu.

Nawaandikia haya kwa sababu mpwa wangu aliyeko Moshi ameniambia anaanza kazi hiyo msimu ujao. Mama yake ana wasiwasi, na mimi sitaki kumwambia aiache, kazi ni kazi. Nitakachofanya ni kumvisha. Kuna jamaa anasafiri mwezi huu, nimempa begi, na ndani yake mna vile vile ninavyobeba mimi:

Fulana mbili za polista, si za pamba. Moja unatembea nayo, moja kavu.
Sweta moja jepesi la sufu.
Koti la mvua lenye kofia, na suruali yake.
Suruali moja ya kutembelea inayokauka upesi, na moja nzito ya kulalia.
Jozi tatu za soksi za sufu. Moja haivaliwi ila usiku.
Kofia ya sufu na glavu.
Kilemba kimoja cha Kiomani. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote: juani unajifunga kichwa, kwenye upepo unajifunga shingo, usiku unakikunja kuwa mto, na mzigo ukikukata unakiweka begani. Wale wa Unyamwezi wangekifahamu mara moja.
Mifuko miwili ya plastiki migumu, isiyopitisha maji.

Vyote pamoja havifiki kilo tano. Mpwa wangu, ukisoma hapa, shika kanuni moja tu na nyengine zote utazijua njiani: nguo ya kulalia haitoki kwenye mfuko wa plastiki mpaka uko ndani ya hema. Hata kama umeroa, hata kama unatetemeka na wenzio wanakucheka, endelea kutembea na ile iliyoroa. Ile kavu ndiyo ngozi yako ya mbuzi, ikunje uifiche.

Na ukikuta mwenzio hana koti, mwambie kuwa hapo Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, unajulikana kwa herufi KPAP, ulianza mwaka 2003. Wanaazima nguo za mlimani bila ya malipo, unapanda nazo, ukishuka unarejesha. Kuazima nguo si aibu. Mwongozaji akikupa mzigo, omba upimwe kwenye mizani mbele yako, na kabla hujaondoka getini mwoneshe ulichovaa.

Shangazi, nadhani umeshapata jibu lako: bado niko Oman, kofia ni ya baridi ya kweli. Picha za Jebel Shams nitaziweka wiki ijayo inshaallah, nikizipunguza ukubwa. Wasalimieni wote, na huyo jamaa akifika na begi msimcheleweshe kwa chai, basi la Moshi linaondoka asubuhi.