Alovera, manjano na ngozi iliyopigwa mionzi: utafiti unasema nini?

Wadau, kuna swali linazunguka sana huku mjini na linastahili jibu la kirefu: mgonjwa wa kansa anayepigwa mionzi pale Ocean Road apake nini kwenye ngozi?

Kutoka Mchafukoge ukivuka Barabara ya Bibi Titi na viwanja vya Mnazi Mmoja unaingia Kariakoo, na huko kila kitu kipo. Alovera mbichi, manjano ya unga, mwarobaini, mafuta ya nazi, mafuta ya mlonge, liwa, pamoja na makopo yasiyo na lebo ambayo muuzaji anakuhakikishia yanatibu kila kitu. Ndugu wa mgonjwa akitoka hospitali anapitia huko huko. Hivyo tusijifanye jambo hili halipo.

Kwa wasiopajua, jengo la zamani la Ocean Road lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1996 Bunge lilitunga sheria iliyoifanya hospitali hiyo kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea. Kwa miaka mingi mionzi ilitolewa kwa mashine za kobalti, mpaka 2018 zilipoanza kazi mashine za kisasa zaidi zinazoitwa LINAC. Barabara ya mbele ilibadilishwa jina 2013 ikaitwa Barack Obama Drive, lakini wewe mwambie bodaboda "Ocean Road" tu, utafika.

Sasa tuje kwenye ngozi yenyewe. Mionzi inaua seli zinazogawanyika haraka. Kansa ni hivyo, lakini na seli za tabaka la chini la ngozi nazo ni hivyo hivyo. Ndiyo maana kuanzia wiki ya pili au ya tatu ya matibabu ngozi inaanza kulalamika: inawasha, inakauka, inababuka. Sehemu zenye mikunjo kama kwapani, chini ya titi, shingoni na kwenye kinena ndizo zinazoteseka zaidi. Ikizidi inachubuka na kutoa majimaji. Vitabu vingi vimeandikwa huko Ulaya vinasema ngozi inakuwa nyekundu. Kwetu sisi weusi wekundu huo hauonekani vizuri. Ngozi inakuwa nyeusi tii kuliko kawaida, mtu anadhani ni "kuungua kidogo tu", kumbe hali ishakwenda mbali. Ukiona weusi, joto na maumivu, sema mapema.

Kwa nini tunalikuza suala la ngozi wakati mtu ana kansa? Kwa sababu ngozi ikiharibika sana matibabu yanasimamishwa, na kusimama kuna gharama. Chukua saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa akina mama wetu. Wataalamu wanataka matibabu yote ya mionzi yaishe ndani ya wiki 8, maana yakivuka hapo uwezekano wa kuidhibiti kansa unapungua. Mama katoka Singida au Lindi, kafikia kwa ndugu Mbagala, anapanda daladala siku 5 kwa wiki kwenye joto la Dar na jasho linamchoma kwenye kidonda. Akichoka akakaa nyumbani wiki mbili "ngozi ipoe", kansa haimsubiri.

Halafu kuna kitu watafiti wanakiita ubora wa maisha, na jamani si maneno ya kwenye semina tu. Kinapimwa kwa maswali. Kuna dodoso la Cardiff, Uingereza, la mwaka 1994, lenye maswali 10 kuhusu ngozi tu: inakuwasha kiasi gani, unaona aibu, nguo unazochagua, kazi, mambo ya chumbani na mwenza wako. Kuna jingine la wagonjwa wa kansa lenye maswali 30, la mwaka 1993, linalouliza usingizi, maumivu, uchovu, hata hali ya pesa. Mtu anaweza kuwa anapona kansa na papo hapo halali usiku.

MIMEA SASA

Tuanze na alovera, maana ndiyo inayouzwa kuliko yote. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walitoa matokeo kwa akina mama wenye saratani ya matiti. Kundi moja la watu 194 lilipewa jeli ya alovera au jeli ya bandia isiyo na dawa, bila wao wala madaktari kujua nani kapata ipi. Tofauti haikuonekana. Mwaka 2002 huko Australia wakajaribu tena kwa wanawake 225, wakalinganisha alovera na krimu ya kawaida ya maji. Krimu ya kawaida ndiyo iliyofanya vizuri zaidi kwenye maumivu na ngozi kubabuka! Na ile ya kukata jani na kupaka moja kwa moja ina tatizo lake: utomvu wa njano ulio chini ya ganda unawasha, na kwenye ngozi iliyochubuka unaweka na vijidudu juu yake.

Kalendula ni ua la rangi ya machungwa linalopendwa sana Ulaya. Mwaka 2004 Wafaransa wa Lyon walitoa utafiti wa wanawake 254: waliopaka kalendula, 41 kati ya 100 walipata madhara ya wastani au makali, wakati kwa waliopaka dawa nyingine walikuwa 63. Watu wakashangilia. Mwaka 2013 Waswidi wakajaribu kwa zaidi ya wagonjwa 400, safari hii wakilinganisha na krimu ya kawaida, na tofauti ikayeyuka.

Manjano nayo hadithi ni hiyo hiyo. Utafiti mdogo wa 2013 wa watu 30 wanaomeza kurkumini (kile kiini cha manjano) ulileta matumaini. Ulipokuja mkubwa wa 2018 wenye watu 686, hakuna kitu. Na wanaotumia vidonge vya tamoxifen wawe makini: utafiti wa Uholanzi wa 2019 ulionyesha kurkumini inapunguza kiwango cha dawa hiyo mwilini. Manjano ya kwenye pilau haina neno. Tunazungumzia vidonge na vijiko vya dawa.

Msiseme tunaipiga vita mimea. Vinkristini, dawa inayotibu kansa ya damu ya watoto, inatoka kwenye ule mmea wenye maua ya pinki unaopandwa kwenye bustani nyingi hapa Dar. Lakini ilisafishwa, ikapimwa, ikawekwa kwenye dozi. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili inayofanya kazi ya namna hiyo, na iko Upanga hapo, si mbali.

Kitu ambacho ningekikataza bila kupepesa macho ni mkorogo. Krimu zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, bado zinauzwa chini ya meza, na kwenye ngozi ya mionzi ni balaa.

Kinachosaidia kweli kinaboa kwa urahisi wake. Kuoga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali (ndiyo, kuoga kunaruhusiwa, ila usifute alama za kalamu alizochora mtaalamu). Kujikausha kwa kugusagusa bila kusugua. Kanga laini iliyofuliwa mara nyingi badala ya sidiria ya kubana. Krimu isiyo na manukato. Kwa wenye saratani ya matiti, krimu ya steroidi kama mometasone inapunguza makali, lakini hiyo ni kwa maelekezo ya daktari tu. Kivuli pia, maana ngozi hiyo haitaki jua, na mafuta ya nazi peke yake hayazuii jua vya kutosha.

Kama tayari umenunua kopo Kariakoo, nenda nalo. Mwonyeshe nesi wa mionzi kabla hujapaka. Wenye ndugu waliopitia tiba hii, leteni maoni hapo chini, hasa kuhusu usafiri na malazi.