Ebola Beni na Butembo: ekipe za utafiti zilijifunza kufanya kazi pamoja namna gani

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018, serikali ilitangaza Ebola katika Kivu ya Kaskazini, kuanzia Mangina karibu na Beni. Wakati ilitangazwa kuwa imeisha, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu 3.470 walikuwa wameugua na 2.287 kati yao wamekufa. Miaka ile miwili wakaaji wa Beni na Butembo waliona ekipe nyingi sana: za chanjo, za labo, za mazishi, za kufuatilia familia. Wengi waliulizana kama hawa watu wote wanajuana. Hata kwa watafiti swali hilo lilikuwa la kweli.

INRB ni nini?

INRB ni taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Ilianzishwa 1984, na makao yake makuu iko Kinshasa. Profesa Jean-Jacques Muyembe, mkubwa wake wa miaka mingi, ni mmoja wa waganga wa kwanza waliofika Yambuku 1976, wakati Ebola ilijulikana mara ya kwanza duniani.

Sampuli 6 za kwanza za 2018 zilipelekwa mpaka Kinshasa. 4 zilikutwa na Ebola. Lakini mgonjwa wa Beni hawezi kungoja ndege kila siku. Kwa hiyo INRB ilifungua labo ndogo huku huku: Beni, Mangina, Butembo, Katwa, na pia Goma. Hapo shida ingine ikaanza. Watu wa nyumba moja ya kazi sasa walikuwa mbali-mbali, kila ekipe na daftari yake na haraka yake.

Dawa nne, jibu moja

Mwezi wa kumi na moja 2018, utafiti wa dawa ulianza katika vituo vya matibabu. Uliitwa PALM, kwa Kiswahili chetu: Pamoja Tulinde Maisha. INRB iliufanya pamoja na taasisi ya afya ya Marekani (NIH), OMS, na mashirika yaliyosimamia vituo: ALIMA, MSF na IMC. Vituo vilikuwa vinne: Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Dawa pia zilikuwa nne, na mgonjwa alipewa moja kwa kura. Kituo kimoja peke yake hakingepata jibu, kwa sababu wagonjwa wake hawangetosha. Ilipaswa waganga wa vituo vyote wafuate kanuni moja, wapime saa ile ile, waandike mambo yale yale. Kama Katwa wanaandika hivi na Mangina vingine, hesabu haiwezi kujumlishwa.

Kazi hiyo ilipita katika hatari. Kituo cha Katwa kilishambuliwa tarehe 24 mwezi wa pili 2019, na cha Butembo siku tatu nyuma yake. MSF ilisimamisha kazi yake pale. Hata hivyo utafiti haukufa. Mpaka mwezi wa nane 2019 wagonjwa 681 walikuwa wameingia, na jibu likaonekana wazi. Kwa dawa mAb114 na REGN-EB3, walikufa karibu 35 na 34 katika wagonjwa 100. Kwa ZMapp walikufa karibu 50, na kwa remdesivir 53. Mara moja utafiti ulisimamishwa, na wagonjwa waliofuata wakapewa zile mbili za kwanza. Mwaka 2020 dawa hizo mbili zilikubaliwa rasmi Marekani.

Labo na hadithi ya familia

Mfano wa pili ni wa kusoma chembe za urithi za virusi, ili kujua virusi vya mgonjwa huyu vimetoka kwa nani. INRB ilisoma virusi vya sampuli 744 za mlipuko ule. Lakini labo haijui mgonjwa alilala wapi wala alimtembelea nani. Wanaojua ni wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Wao nao hawawezi kuona virusi kwa macho.

Siku moja mambo hayo yalikutana. Mgonjwa mmoja alikuwa amechanjwa, akaugua, akatibiwa, akapona. Nyuma ya miezi 6 aliugua tena, akafa. Je, aliambukizwa upya na mtu mwingine? Karatasi za kituo, majibu ya labo na hadithi ya familia viliwekwa pamoja, vikaonyesha kwamba ugonjwa wa kwanza ulirudi ndani ya mwili wake. Kutoka hapo wagonjwa 91 walipatikana katika zoni 6 za afya. Hakuna ekipe moja ingeliona jambo hilo peke yake.

Ndiyo sababu waliopona wanaombwa waendelee kufuatiliwa na waganga. Si adhabu, na si sababu ya jirani kuwakimbia. Katika Butembo 2021, na tena Beni mwezi wa nane 2022, Ebola iliyorudi ilikutwa na uhusiano na ile ya 2018-2020. Ile ya 2022 ilijulikana kwa labo ya INRB ya Goma, na mgonjwa alikuwa mmoja tu.

Ni nini kinaunganisha ekipe?

Mifano hii inaonyesha mambo matatu. Kwanza, kanuni moja iliyokubaliwa mbele ya kazi kuanza. Pili, jibu lirudi kwa yule aliyechukua sampuli. Muuguzi anayetuma kila siku bila kusikia kitu, mwisho anachoka. Tatu, kazi ya kila mtu ionekane. Ripoti ya PALM ilipotoka katika gazeti kubwa la waganga la Marekani, jina la kwanza lilikuwa la Mkongomani, Dkt. Sabue Mulangu wa INRB.

Mkaaji naye ana sehemu yake. Ekipe ikifika nyumbani, ana haki ya kuuliza: mmetumwa na nani, jibu litarudi lini, na nani atalileta? Ekipe zinazofanya kazi pamoja zinakuwa na jibu moja.