Ali yupi?

Kwa kinyozi wangu ubishi wa Jumamosi ni uleule: Ali na Tyson wakikutana, nani angelala? Wafuasi wa Tyson wanamtaja Michael Spinks, aliyezimwa mwaka 1988 kwa sekunde 91. Wa Ali wanajibu kwa neno moja, Kinshasa. Mimi huwa na swali linaloudhi pande zote mbili: Ali yupi?

Maanake ubishi huu alishawahi kuuingia Ali mwenyewe. Mwaka 1967 mtayarishaji wa redio wa Miami, Murray Woroner, alilisha kompyuta rekodi za mabingwa 16 wa uzito wa juu, wa zamani na wa sasa, kisha akatangaza mapigano yao redioni kana kwamba yanatokea kweli. Ali akatolewa na Jim Jeffries. Jamaa aliwaka, na simlaumu. Jeffries akiwa bingwa alikataa kuwapa mabondia weusi nafasi ya kupigania taji, na aliporudi ulingoni 1910 kumkabili Jack Johnson mjini Reno, alichapwa hadi raundi ya 15 wakamwokoa. Ali alienda kortini kudai dola milioni moja.

Kesi iliishia kwenye dili: acheze filamu dhidi ya Rocky Marciano, alipwe kama dola 10,000. Mbona akubali? Pesa, bana. Aprili 1967 alikataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akapokonywa taji na leseni. Pambano la kubuni ndilo pekee aliloruhusiwa.

Walirekodi 1969. Marciano, miaka 45, aliyestaafu na ushindi 49 bila kupoteza hata mara moja, alipunguza uzito na kuvaa wigi kuficha upara. Miisho ilirekodiwa kadhaa, wenyewe wasijue upi utatumika. Agosti mwaka huo Marciano akafa katika ajali ya ndege. Januari 1970 Wamarekani wakamwona Ali akiangushwa raundi ya 13. Ulaya nao wakaonyeshwa toleo ambalo Ali ndiye mshindi. Kompyuta ni ileile! Ali alitania ati lazima ilitengenezwa Alabama.

Lakini kinachoniuma si hiyo kompyuta. Ali alipigana na Zora Folley Machi 1967 akiwa na miaka 25, na hakurudi ulingoni hadi Oktoba 1970. Tafuta kanda ya Novemba 1966, Houston, dhidi ya Cleveland Williams. Williams anapiga hewa, Ali ashahama. Raundi tatu, kwisha. Sasa mtazame Kinshasa 1974: ana miaka 32, ameegemea kamba, anameza ngumi za Foreman akisubiri achoke. Tunaiita hila, na ilikuwa hila kali kweli. Ila naamini mwenye miguu ya Houston hangehitaji kuegemea popote. Miaka ambayo mwili wake ulikuwa bora zaidi, ndiyo hakuna aliyemwona akipigana, isipokuwa kwenye ile filamu ya kuigiza na mzee mwenye wigi.

Kura yangu basi ni Ali wa Houston, Tyson aanguke raundi ya tisa. Kinyozi amekataa katakata. Anasema Ali huyo hakuwa amejifunza kuumia bado, na Tyson angemfunza. Hapo alikuwa ameshanyoa upande mmoja, mashine iko hewani, na foleni nzima imeanza kupiga kura upya.