Lipa Mdogo Mdogo Haikuanza na Simu

Kila wiki madizaina wenzangu wanazozana mtandaoni: mteja alipe yote kwanza, nusu, ama akishaona kazi? Wenye biashara ndogo nao wanalia, "Jameni, logo elfu kumi na bado sijalipa kodi ya duka!" Wote wanaongea ni kama kulipa vipande vipande ni ujanja wa juzi. Wapi! Huu mtindo ni mzee kuliko nyanya zetu, na kuna kitu wazee walijua ambacho sisi tumesahau.

Rudi karne ya 19. Misafara iliyotoka Pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu mara nyingi haikununua bidhaa kwa pesa taslimu. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar na Mombasa waliwapa viongozi wa misafara vitambaa, shanga na nyaya za shaba kwa mkopo. Deni lililipwa msafara ukirudi, pengine baada ya mwaka na zaidi. Kiswahili kina jina la biashara ya aina hiyo: mali kauli. Unabeba mali, unaacha neno lako. Kina pia arubuni, ile pesa ya kwanza ya kuonyesha humchezei mtu.

Lakini kauli haikuwa maneno matupu. Aliyekopa alirudi bandari ileile, kwa watu walewale, na akitaka mkopo mwingine lazima apitie kwao. Ukiharibu jina, umekwisha.

Mkoloni akaja na yake. Dukawala alikopesha kwa daftari, lakini deni la Mwafrika likizidi shilingi 200, sheria haikuruhusu lidaiwe mahakamani bila mkataba kuidhinishwa na serikali. Eti ni kumlinda Mwafrika. Matokeo? Mwenye duka Mwafrika alinyimwa mkopo wa maana, akabaki kununua bidhaa kidogo kidogo.

Baada ya uhuru, mwaka wa 1968, Kenya ikapata sheria ya kununua kwa awamu. Ukishalipa theluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi kukunyang'anya kitu bila kwenda kortini. Hapo sheria ililinda pande zote mbili.

Kisha simu. M-Pesa ilianza 2007, na 2012 M-KOPA ikaanza kuuza mitambo ya sola: unatoa arubuni, halafu unalipa kila siku kwa simu. Usipolipa, mtambo unazimwa kutoka mbali.

Umeona? Kila mahali, anayekopesha alikuwa na kitu cha kushika: jina lako, daftari, mtambo. Hata fundi wa viti anakaa na kiti mpaka umalize deni. Dizaina je? Ukishatuma faili, umebaki na tiki za bluu tu. Kuna duka la keki nililifanyia menyu na bango. Nusu iliingia, nusu ikawa "nitakumalizia wiki ijayo." Bango bado linaning'inia, wiki haijafika.

Na kuna jambo wengi hawajui. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imeenda kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, umeshatoa.

Bado sikubaliani na wale wa "lipa yote ama tembea." Mama anayefungua kibanda cha chapati hana elfu kumi za mkupuo, lakini mia tano kila wiki anaweza. Ukimfukuza, umepoteza mteja wa miaka. Kwa hivyo mimi nagawa mara tatu: arubuni kabla sijafungua kompyuta, ya pili akikubali mchoro, ya mwisho kabla ya faili kamili. Mchoro wa kuangalia unabaki na jina langu katikati. Na tunaandika, hata kama ni kwa WhatsApp, kwamba haki ya kazi inahamia kwake shilingi ya mwisho ikiingia. Naye tunamwandikia tarehe yake: nikichelewesha kazi, anarudishiwa arubuni.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sawa, lakini matanga huja pale hakuna kilichoandikwa wala kushikwa. Wewe dizaina, mteja wako akikwambia "nitakumalizia," umeshika nini?