Ukarabati wa ghorofa ya Mji wa Kale: pima kichochoro kabla ya kununua marumaru

Naishi kaunti ya Machakos, upande wa Athi River, mahali ambapo malori ya saruji hupita usiku na mchana. Kila jamaa wa Mombasa au Lamu anaponipigia simu kwamba Mungu amemfungulia na anataka kuitengeneza ghorofa ya juu ya nyumba ya wazee iwe ya kifahari, swali lake la kwanza ni bei ya saruji huku kiwandani. Huwa namwambia asiinunue.

Nyumba zetu za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikafikia unene wa nusu mita hivi. Dari na sakafu ya juu hubebwa na boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi havifiki mita tatu. Ukuta kama huo hunywa unyevu na chumvi ya bahari mchana kutwa. Chokaa huupitisha unyevu ukatoka nje. Saruji huufungia ndani.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Ghorofa ya marehemu nyanya yetu, Mji wa Kale wa Mombasa, ina warithi saba. Tulipochangishana, fundi tuliyesifiwa alikwangua chokaa yote, akapiga saruji na juu yake rangi ya mafuta. Ilipendeza hadi tukatuma picha Maskati. Masika ya pili rangi ikavimba kama andazi, kisha plasta ikadondoka na vipande vya mawe. Tulipochokonoa tukakuta vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vimeoza, kwa sababu maji yaliyokosa njia ya kutoka yalikuwa yakikimbilia kwenye mti. Kuibandua saruji ile kulikula pesa kuliko kuipiga.

Kwa hivyo, bajeti ya kwanza iwe ya chokaa na ya mwashi anayeijua. Chokaa iliyochomwa huzimwa kwa maji na kuachwa ilale ikiwa mbichi kwa wiki kadhaa, na ikilala zaidi ndivyo inavyokuwa laini. Hupigwa matabaka membamba na kurushiwa maji, kila tabaka lingoje la kabla yake likaze. Mtu anayetaka kuhamia mwezi ujao hana subira ya kazi hii, na mafundi wanalijua hilo, ndiyo maana wanamletea saruji. Boriti nazo hazikatwi ovyo. Mikoko iko chini ya Shirika la Misitu la Kenya, na ukataji uliposimamishwa mwaka 2018 hata wakataji wa Lamu walikaa bure. Agiza mapema.

Sasa njia. Chukua futi, utembee kutoka pale gari linapokomea hadi mlangoni, upime pembe ya kila kona, halafu upana wa ngazi na kimo cha dari juu yake. Lamu mzigo hushuka gatini kutoka chomboni, kisha hupanda punda. Mombasa mkokoteni huishia mdomo wa kichochoro, kilichobaki ni mabega ya hamali. Mfuko mmoja wa mchanga unaulipia gari, mkokoteni na tena ngazi. Kwetu, kupandisha vitu na kushusha kifusi kulikaribia malipo ya mafundi wenyewe. Kifusi ndicho watu husahau kabisa katika hesabu. Na kisirundikwe katikati ya sakafu ya juu kungoja hamali wa Jumamosi; kitolewe siku ile ile, maana sakafu ile haikujengwa kubeba kilima.

Uzito huu ndio unaonitisha kuliko yote. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani nzima juu ya vichwa vya watoto. Ongeza marumaru juu ya zege, bafu la kuogelea kama la hoteli, na ukuta wa matofali wa kugawa chumba mahali ambapo chini hakuna ukuta. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati, na watu wakafa. Nyumba yako si kasri, lakini imechoka vile vile. Muite mhandisi kabla ya muuza vigae.

Kitanda kikubwa kisichopita ngazini, usivunje dirisha kukipandisha kwa kamba. Vitanda vya wazee vilikongolewa vipande vipande, na seremala mzuri bado anaweza kukuundia kabati ndani ya chumba chenyewe. Zidaka za plasta zikarabatiwe zilizopo, zisizibwe ili upate pa kutundika televisheni.

Kuhusu ruhusa: maeneo haya yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, na Lamu iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Peleka michoro kwa watu wa Makumbusho ya Taifa na kwa kaunti kabla ya nyundo ya kwanza. Wengi huona huo ni usumbufu. Mimi nilimpata huko mwashi ambaye baba yake alipiga chokaa nyumba za mtaa ule ule.

Kabla ya ruhusa hiyo, warithi waandikiane, na kama nyumba ni wakfu muulizeni msimamizi. Mwenye ghorofa ya chini naye ana haki ya kujua nani atapiga nyundo juu ya dari yake. Dirisha jipya lisiangalie ua wa jirani. Mchanga usilale kichochoroni usiku, kwa sababu jeneza halichagui siku ya kupita. Kwetu lilipita la mzee wa nyumba ya pili, na vijana wakalazimika kuhamisha mifuko arubaini alfajiri.

Vyumba viwili vya ghorofa yetu vimekwisha, vyeupe pe. Cha tatu kinangoja boriti kumi na nne, na mwashi amesema hapigi chokaa hadi kaskazi ianze.