Mwitu, Shoka na Bustani: Habari za Makao Mapya katika Nchi ya Buha

Mtu apitaye katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kasulu kwenda Kibondo, huona migomba imezunguka nyumba, na chini ya migomba maharage, maboga na viazi. Aweza kudhani ya kuwa mambo hayo yalikuwapo tangu zamani, kama vile vilima na mito. Sivyo. Kila bustani iliyo ubavuni mwa nyumba ilikuwa mwitu kwanza, na watu waliushinda kwa shoka, moto na jembe. Tena katika nchi hii wako watu walioifanya kazi hiyo mara mbili maishani mwao, wala si kwa kupenda kwao. Twataka kueleza habari zao, maana zina fundisho.

Kwanza yafaa tujue kazi yenyewe. Mvua za Buha huanza mnamo Oktoba au Novemba, zikaisha mnamo Mei. Basi mwenye kutaka kufungua mwitu hufyeka vichaka na kukata miti wakati wa kiangazi, akayaacha matawi yakauke, kisha huyakusanya na kuyachoma kabla ya mvua. Visiki vikubwa huachwa vioze vyenyewe, kwa kuwa kuving'oa kwataka nguvu za watu wengi. Majivu ndiyo mbolea ya kwanza, na ulezi hupenda sana majivu hayo. Lakini ardhi ya miyombo si nono kama wageni wadhanivyo wakiona miti mirefu. Baada ya misimu michache nguvu ya majivu hupungua, na mkulima hana budi kulipumzisha shamba lake na kufungua jingine.

Bustani ya nyumbani ina kanuni nyingine. Shamba la mbali huhama, bali bustani hukaa, maana hulishwa kila siku. Takataka za jikoni, maganda, majivu ya mekoni, samadi ya mbuzi na ng'ombe, majani ya migomba yaliyooza, yote humwagwa pale pale. Kazi hii zaidi ni ya akina mama, nayo haina kelele wala sifa. Mwaka baada ya mwaka udongo mwekundu hugeuka kuwa mweusi. Ndiyo maana jamaa iliyokaa mahali pamoja miaka 20 ina utajiri usioonekana kwa macho ya mpita njia: haukuhesabiwa katika kodi, wala hauwezi kutiwa katika mzigo na kuchukuliwa kichwani.

Zamani mtu hakujikatia mwitu ovyo. Alikwenda kwa wazee wa ardhi, ambao kwa Kiha huitwa abateko, nao walimwonyesha mahali pake. Juu yao walikuwako watawala, na juu ya wote mwami. Na watu walipokaa pamoja, bustani zikigusana, mwitu ulisogezwa mbali. Hapo walijilinda na adui wasiyemjua vema, yaani mbung'o.

Mbung'o ndiye achukuaye ugonjwa wa malale. Jike lake halitagi mayai mengi kama nzi wengine. Huzaa funza mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10 hivi, na funza huyo hujichimbia katika udongo laini ulio kivulini. Chakula chake ni damu: ya nguruwe mwitu, ya nyati, ya pongo, ya ng'ombe na ya wanadamu. Basi mahali pasipo kivuli wala wanyama wa mwitu, mbung'o wa miyombo hapati makao. Wataalamu kama John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus, mwaka 1977, wameonyesha ya kuwa watu wa Afrika ya Mashariki, kwa kulima na kufuga na kukaa wengi pamoja, waliuzuia mwitu kabla ya wageni kufika na dawa zao.

Lakini ulinzi huo ulivunjika. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, nayo vita ikataka wapagazi na chakula. Mwaka 1918 ikaja homa kuu ya mafua iliyoizunguka dunia. Baadaye, chini ya Waingereza, vijana wa Buha walikwenda kwa maelfu kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wapate fedha ya kodi. Nyumbani walibaki wanawake, watoto na wazee. Shoka likakosa mwenyewe, na kila palipopungua watu mwitu ulirudi, na mbung'o akarudi pamoja nao.

Ndipo Serikali ya Waingereza ilipoanza, mwaka 1933, kuwahamisha watu wa Buha walioishi mbalimbali katika nchi ya mbung'o, ikawakusanya katika makao makubwa. Haki yataka tuseme ya kuwa sababu yake haikuwa ya uongo. Malale yasipotibiwa huua, na dawa za wakati ule zilikuwa chache na kali. Wakubwa wa kazi ile walifikiri hivi: wakulima wengi wakikaa karibu karibu, mashamba yao yenyewe yatauzuia mwitu. Kwa asili, neno hili lilikuwa lile lile ambalo wazee walilitenda bila kuandika vitabu.

Kosa lilikuwa katika hesabu. Waliandika idadi ya jamaa na nyumba, wakapima nafasi ya kujenga. Hawakuhesabu miaka iliyokuwamo ndani ya udongo. Maharage huiva kwa miezi 3 hivi, lakini mgomba uliopandwa katika nyanda hizi za baridi hautoi mkungu kabla ya mwaka kupita, na mara nyingi zaidi. Muhogo nao wataka subira kama hiyo. Basi mtu aliyetoka katika migomba ya baba yake aliingia mahali pa visiki na majivu, akawa hana budi kujenga, kufyeka na kulima kwa wakati mmoja, huku tumbo likidai. Wazee husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hapa wageni walikuwa kijiji kizima, wala hapakuwa na mwenyeji wa kuwalisha zile siku mbili za kwanza.

Hata hivyo walishinda. Walichukua machipukizi ya migomba na mbegu kutoka makao ya zamani, wakaanza tena kumwaga majivu ya mekoni mahali pamoja, siku kwa siku. Huko walikotoka, miti ilifunika viwanja vya nyumba.

Kisha ikaja zamu ya pili. Mwaka 1972, katika Tanzania huru, ilianza Operesheni Kigoma, na watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kusudi lilikuwa jema: shule, zahanati na maji vipatikane karibu. Lakini kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1933 alikuwa sasa mzee wa miaka 59. Mara ya pili aliambiwa ya kuwa mahali alipopalisha kwa nusu ya maisha si pake, na shoka likarudi mkononi.

Nchi hii imewaona pia watu waliohamishwa na vita. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilipokea wakimbizi kutoka Kongo, na mwaka 2015 Warundi wengi walifika Nduta, wilayani Kibondo. Nao pia, mahali padogo walipopewa, walitafuta nafasi ya mchicha kando ya mlango. Mtu ajapokuwa hajui atakaa siku ngapi, mkono wake wataka kupanda.

Basi fundisho ni nini? Mwitu haushindwi na shoka. Shoka huufungua tu. Aushindaye ni yule anayekaa, akaulisha udongo wake kila siku, na aliye na hakika ya kuwa mwanawe atavuna baada yake. Kwa hiyo, mwenye mamlaka ya kuhamisha watu, hata kwa sababu njema, na ahesabu bustani pamoja na nyumba. Awape watu kiangazi kizima cha kufyeka kabla ya mvua. Awaache wapande migomba kule kupya hali wangali wanakula ya kule kwa zamani. Wala asiwahamishe wakati chakula kingali shambani. Naye mwenye kufungua bustani mpya leo asione haya kuanza na matuta matatu ya mboga karibu na jiko. Ndivyo bustani zote za Buha zilivyoanza.