Mchoro unakaa kwa nani? Historia fupi ya mashine ya leza tuliyoiunda Kisian

Baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza juu ya ile mashine ya leza inayochora nakshi kwenye mabakuli ya mbao. Wengi mnataka kujua bei na mahali pa kupata spea. Hayo nitayaeleza siku nyingine. Leo nataka kuandika historia, kwa sababu kila kipande cha mashine hii kina ukoo wake, na koo hizo zote zinaleta swali moja ambalo sisi watengeneza programu huwa hatulijibu: mchoro unakaa kwa nani?

Kwa asiyeijua Kisian, ukitoka Kisumu mjini kuelekea magharibi unapita uwanja wa ndege, kisha unafika mahali barabara inapogawanyika. Moja inakwenda Maseno na Busia, nyingine Bondo. Wengi wanapajua kwa sababu ya kituo cha utafiti cha KEMRI. Mimi napajua kwa sababu ya karakana ya mzee mmoja ambaye amekereza mbao kwa zaidi ya miaka 30: mabakuli, vinara, miguu ya meza. Mti anaoupenda ni jakaranda, maana ni mweupe na hauna ubishi kwenye patasi.

Kabla ya leza, mzee alikuwa na njia mbili za kutia nakshi. Ya kwanza ni waya: anakata mfereji mwembamba kwenye bakuli linalozunguka, anakaza waya ndani yake, na msuguano unaunguza mstari mweusi safi kabisa. Ya pili ni chuma kilichotiwa motoni, kama watu wanavyochora vibuyu. Ndiyo! Kuchoma mbao ili kuipamba si jambo lililoletwa na kompyuta.

Na kupamba vyombo vya mviringo ni kazi ya zamani sana pwani hii ya ziwa. Katika Kaunti ya Siaya kuna mahali paitwapo Urewe. Mwaka 1948 Mary Leakey na Louis Leakey walichapisha maelezo ya vyungu vya kale vya upande huu, pamoja na jina la Walter Owen, mmishonari wa Kianglikana aliyekuwa amefariki mwaka 1945. Leo wanaakiolojia wanaviita vyungu vya Urewe, na vile vya kale zaidi katika eneo la Maziwa Makuu vina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Vina mistari iliyokwaruzwa kuzunguka mdomo na shingo, na vingi vina kibonyeo kwenye kitako. Baadaye ukaja ufundi mwingine ambao wafinyanzi wa Kijaluo wameurithi: unachukua kipande cha kamba iliyosokotwa, unakiviringisha juu ya udongo mbichi, na alama inajirudia yenyewe mpaka umezunguka chungu chote.

Ndugu zangu wa programu, tazameni vizuri. Kamba ile ni lupu! Alama imehifadhiwa ndani ya kifaa, na kifaa kinairudia bila kuchoka. Ila kifaa hicho kilisokotwa na mfinyanzi mwenyewe. Mchoro na mkono vilikaa nyumba moja.

Sasa turuke hadi Kisumu ya wakoloni. Reli ya Uganda ilifika ziwani Desemba 1901, na baada ya hapo meli zilikuja kwa njia ya ajabu kidogo. Chukua mfano wa meli mbili, Usoga na Rusinga. Zilijengwa Paisley, Scotland, mwaka 1913, zikafunguliwa vipande vipande, zikasafirishwa hadi Mombasa, zikapakiwa kwenye treni, zikaunganishwa upya Kisumu. Mwaka 1961 MV Victoria nayo ilianza kazi ziwani baada ya kuunganishwa kwa mtindo huohuo. Kwa hiyo mji huu una historia ndefu ya kuunganisha vitu vilivyokuja kwa masanduku. Mafundi wa hapa walipiga ribiti na kukaza nati, lakini mchoro wa meli ulitoka Scotland. Fundi alipokea namba za vipande. Hakuulizwa meli iwe na umbo gani.

Nawakumbusha haya kwa sababu mashine yangu nayo ilikuja kwa masanduku. Na ubongo wake unatoka kwenye kisa kinachofanana.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 viwanda vya Marekani vilikuwa na njia mbili za kuifanya mashine ijiendeshe. Njia ya kwanza, ambayo kampuni ya General Electric iliijaribu, ilikuwa kurekodi: fundi hodari anatengeneza kipande cha kwanza kwa mkono wake, mienendo inarekodiwa kwenye utepe wa sumaku, halafu mashine inaicheza tena kama santuri. Njia ya pili ilikuwa ya namba. John Parsons wa Traverse City, Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, akaona kwamba umbo linaweza kuandikwa kama orodha ya vipimo. Jeshi la Anga la Marekani lilitoa mkataba mwaka 1949, chuo cha MIT kikaingia kazini, na mwaka 1952 wakaonyesha mashine ya kukata chuma inayosoma namba kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa.

Njia ya namba ndiyo iliyoshinda. Kwa nini? Sababu moja ni ya kiufundi: namba zinaweza kueleza umbo gumu ambalo mkono hauwezi kulifuata sawasawa. Lakini mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake cha 1984 kiitwacho Forces of Production, alitoa sababu nyingine. Alisema wenye viwanda waliipenda njia ya namba kwa sababu iliutoa ujuzi kwenye sakafu ya karakana na kuupeleka ofisini. Katika kurekodi, fundi bado ni chanzo. Katika namba, fundi anabaki kubonyeza kitufe. Unaweza kubishana naye, na wapo waliobishana, lakini swali lake linakuuma ukiwa wewe ndiye mwenye ofisi! Lugha ile ya namba ilikuja kuitwa G-code, na ndiyo hiyohiyo ninayoituma kwenye mashine pale Kisian.

Mwanga wenyewe una safari yake. Albert Einstein alieleza msingi wake mwaka 1917. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 kwa kutumia fuwele ya rubi. Mwaka 1964 Kumar Patel wa Bell Labs akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dioksidi, ambayo mpaka leo inakata mbao viwandani, lakini inataka bomba la kioo, maji ya kupoza na umeme mkali. Kwa karakana yenye paa la mabati haifai. Kilichotufungulia mlango ni dayodi ndogo ya buluu. Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alionyesha leza za dayodi za jamii hiyo katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2010 Casio wakaleta projekta zenye dayodi za buluu za nanomita 445. Watundu duniani wakaanza kuzifungua projekta na kuzitoa! Mbao hunywa mwanga wa buluu vizuri, kwa hiyo wati chache zinatosha kuiunguza.

Tahadhari hapa hapa: wati hizo chache zinatosha pia kukupofusha. Mwanga ukiruka kutoka kwenye kitu kinachong'aa unafika nyuma ya jicho kabla hujapepesa. Tuna kisanduku kilichofunikwa, miwani maalumu ya nanomita hizo, na feni ya kutoa moshi. Mtoto haingii. Kama huna miwani, usiwashe.

Kilichobaki ni programu huria. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway aliandika Grbl, programu inayosoma G-code na kuzungusha mota, ikatoshea ndani ya kilobaiti 32 za Arduino. Fikiria: mashine ya MIT ilihitaji makabati yaliyojaa valvu na rilei. Na leseni ya Grbl inakuruhusu kuufungua msimbo, kuubadili na kuugawa. Kwa mara ya kwanza katika ukoo huu wote, mchoro wa mashine yenyewe umefika Kisian pamoja na masanduku.

Basi tunafanyaje? Mota moja inasogeza leza kufuata urefu wa chombo, nyingine inakizungusha chombo polepole. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko, nasi tunaigawa kila hatua mara 16, jumla 3,200. Bakuli la kipenyo cha milimita 120 lina mzingo wa milimita 377, kwa hiyo Grbl naiambia hatua 8.488 kwa kila milimita. Mzee akitaka almasi 13 kuzunguka bakuli, kila moja inachukua milimita 29 kamili. Kwenye shingo ya kinara chenye kipenyo cha 60, hatua zinakuwa 16.977 na almasi inapungua hadi 14.5. Usipohesabu, mwisho wa nakshi haukutani na mwanzo wake. Wale mama wa vyungu walilijua tatizo hili kabla yetu.

Almasi zenyewe sichori mimi. Mzee anazungushia karatasi kwenye bakuli, anachora kwa penseli palepale, kisha tunaifungua karatasi na kuipiga picha. Inkscape inageuza penseli yake kuwa mistari. Mkono ukiwa umetetemeka mahali, tunauacha hivyo. Kwa maneno mengine, tumeirudia ile njia ya kurekodi iliyoshindwa, tukaipitisha ndani ya namba.

Kabla hatujaanza aliniuliza swali ambalo sijalisikia katika mkutano wowote wa teknolojia. "Kijana, mkono wangu sasa uko ndani ya hiyo kompyuta yako. Nikiutaka, nitautoaje?"

Nilimjibu, "Jaduong', tuandike." Tukaandika ukurasa mmoja. Kila faili lina jina lake. Nakala iko kwenye flashi anayoiweka mwenyewe, pamoja na karatasi za penseli. Kila bakuli linalochomwa kwa mchoro wake linamlipa, hata kama hakulikereza yeye. Faili haliuzwi bila yeye kukubali.

Haukupita muda akaja mfanyabiashara mmoja kutoka mjini. Mabakuli hakuyataka. Alitaka nimuuzie mafaili tu, akachome kwenye vikombe na mbao za kukatia mboga huko anakojua. Pesa aliyotaja ilikuwa nzuri, sitawaficha. Nikamwelekeza kwa mzee, kwa kuwa ndiye mwenye mali. Walizungumza nusu saa chini ya mwembe, na mzee akakataa. Baadaye akaniambia angekubali kama jina lake lingechomwa chini ya kila kikombe, lakini mgeni hakutaka jina.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika orodha ya spea na jinsi ya kupanga mota. Kama una fundi jirani na unataka kuanza, nenda ukakae naye kwanza na karatasi na penseli. Mashine inaweza kungoja.